Binti wa darasa la nne anaikimbia Hisabati: nifanyeje aifurahie bila kuigeuza kuwa mchezo mtupu?

Mama Neema, Morogoro

Ndugu wazazi na walimu, naomba ushauri wenu.

Binti yangu yuko darasa la nne. Husoma hadithi bila kuombwa na huandika insha zinazomchekesha baba yake, lakini daftari la Hisabati likifunguliwa uso hubadilika, naye huanza kutafuta sababu ya kwenda kunywa maji. Shuleni kwao tebo huulizwa asubuhi mbele ya darasa zima, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, na anayekwama huchapwa au huachwa amesimama mpaka kipindi kiishe. Siku za tebo hulalamika kwamba tumbo linamuuma, na sidhani kama anadanganya.

Nyumbani tumejaribu yale ambayo wengi huyajaribu. Tulibandika jedwali la kuzidisha ukutani, na sasa hapiti akalitazama. Tulimwandikisha tuisheni ya jioni, akawa anarudi amechoka na hana hamu hata ya vitabu vyake vya hadithi. Tuliahidi zawadi kwa kila zoezi alilopata, na matokeo yake ni kwamba amekuwa hodari wa kujadiliana nami kuhusu zawadi, si wa hesabu.

Nimeona pia kwamba wapo wanaoshauri nyimbo, rangi na michezo ya simu. Tumejaribu baadhi. Anacheza, anafurahi, kisha akirudi kwenye daftari hali ni ileile, kana kwamba yale ya kwenye simu na haya ya kwenye daftari ni mambo mawili yasiyojuana. Ndiyo maana nauliza: furaha hiyo inayosemwa inatoka wapi hasa? Je, ni kumchezesha, au kuna jambo jingine ambalo sisi wazazi hatulioni? Mwaka huu ana Upimaji wa Kitaifa, ule mtihani wa darasa la nne, kwa hiyo siwezi pia kusema nimwache tu mpaka apende mwenyewe. Niongeze kwamba hata mimi niliiogopa Hisabati, na nahofia ananiona.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mama Neema, nianze na fimbo, kwa sababu jambo hilo likiachwa lilivyo, mengine yote yatakuwa ni kutia maji kwenye pakacha. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni hapa Tanzania hazimruhusu kila mwalimu kushika fimbo. Ruhusa ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, viboko havizidi vinne, adhabu huandikwa kwenye kitabu, na kosa linalokusudiwa ni utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa kutaja saba mara nane si utovu wa nidhamu. Nenda ukazungumze na mwalimu wa darasa kwa adabu, wala usiende kwa kushtaki. Mwombe tu kwamba kwa muda binti aulizwe kwa maandishi badala ya mbele ya wenzake. Walimu wengi hukubali, hasa wakiona mzazi yuko tayari kushirikiana nao nyumbani. Watafiti wa saikolojia ya elimu wameeleza kwamba hofu hula nafasi ileile ya akili ambayo mtu huitumia kushikilia tarakimu wakati anakokotoa, kwa hiyo mtoto aliyejua tebo jana usiku anaweza kweli kuikosa asubuhi akiwa amesimama mbele ya fimbo.

Sasa nije kwenye swali lako. Chukua daftari lake la miezi miwili iliyopita. Usitazame alama, tazama majibu yaliyokosewa, moja baada ya jingine, kwa utulivu. Nakupa mfano ambao nimeukuta kwenye madaftari yasiyo na idadi: 52 − 27 = 35. Mtoto aliyeandika hivyo hakubahatisha. Amekuta juu kuna 2 na chini kuna 7, akakumbuka kwamba namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ana kanuni, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ni mbovu. Ukimwekea alama ya kosa ukamrudishia daftari, hatajua kilichokosewa ni nini; atakachojifunza ni kwamba katika somo hili mtu hufanya alivyoelekezwa na bado akaadhibiwa. Chuki huanzia hapo, na nyimbo haziiondoi.

Mpe vijiti 52, yaani mafungu matano ya kumikumi yaliyofungwa kwa kamba, pamoja na vijiti viwili vilivyo huru. Mwombe akupe vijiti 27. Mafungu mawili atakupa upesi. Atakapotakiwa kutoa saba na kukuta mkononi ana viwili tu, atanyamaza. Usimsaidie. Vumilia ukimya huo, kwa sababu baada ya muda atafungua kamba ya fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, atapata vijiti 12 vilivyo huru, atakupa saba na kubaki na vitano, kisha atayatazama mafungu yake na kuona kwamba sasa ni mawili. Jibu ni 25, na hakuna aliyemwambia. Uso wake wakati huo ndio jibu la swali lako kuhusu mahali furaha inakotoka.

Fanya hivyo siku kadhaa kwa namba tofauti, halafu vijiti viwekwe pembeni na achore: mstari mrefu kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. Akishazoea kuchora, ndipo arudi kwenye tarakimu peke yake. Utaratibu huu wa vitu, kisha picha, kisha alama haukubuniwa na mimi. Mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner alizieleza hatua zinazofanana na hizo katika miaka ya 1960, na nchi ya Singapore ikazitumia kujenga ufundishaji wake wa Hisabati kuanzia miaka ya 1980. Kwetu, tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mwaka 2015, vijiti na visoda vimerudi kwa nguvu katika madarasa ya chini, lakini mtoto akifika la tatu huvuliwa vyote kwa mkupuo, awe ameelewa au hajaelewa. Hilo naliona ni kosa letu walimu.

Kuhusu michezo ya simu, nadhani umeligundua tatizo bila kulitaja. Mtoto hujibu sita mara saba ili aone katuni ikiruka, na kuruka kwa katuni hakuhusiani kabisa na sita wala saba. Tafuta mchezo ambao hesabu yenyewe ndiyo njia ya kushinda. Wengine watakutajia, mimi nimeshaandika mengi.

Na hofu yako mwenyewe usiifiche sana. Kaa upande wa mwanafunzi, umwambie akueleze jinsi alivyofanya, na swali lako liwe moja tu: «Umefikirije?» Liulize hata pale alipopata, maana mtoto anayeulizwa hivyo akikosa tu hujifunza haraka kwamba swali lenyewe maana yake ni «umekosa».

Mhasibu, Mwanza

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu vijiti na fimbo, lakini naona jambo moja linakwepwa. Tebo lazima zikae kichwani. Mtoto wa darasa la nne anayehesabu vidole ili kupata sita mara nane, akifika kwenye kugawanya kwa njia ndefu au kwenye sehemu kama nusu na robo, atakuwa ameishiwa nguvu kabla hajafika katikati ya swali, na hakuna raha yoyote katika kuishiwa nguvu. Tusimwambie Mama Neema kwamba kukariri ni dhambi.

Ninachopinga ni namna ya kukariri. Jedwali lile la ukutani lina vyumba 100, kuanzia moja mara moja hadi kumi mara kumi, na mtoto akilitazama huona mlima. Kaa naye mlipunguze pamoja, kwa kalamu ya rangi. Kwanza muoneshe kwamba tatu mara saba na saba mara tatu ni kitu kimoja. Apange visoda katika safu tatu za saba, kisha ahamie upande mwingine wa meza avitazame tena. Hapo vyumba 100 vinakuwa 55. Ondoeni mara moja, mara mbili, mara tano na mara kumi, ambazo mtoto wa umri wake huwa ameshazijua, vinabaki 21. Ondoeni mara tisa, kwa sababu tisa mara saba ni kumi mara saba ukipunguza saba, yaani 70 − 7 = 63, na njia hiyo haikosei. Vinabaki 15. Kama mara tatu anaiweza, vinabaki kumi tu: 4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8.

Kumi! Mtoto aliyedhani anadaiwa mia moja anakuta anadaiwa kumi. Na hata hizo kumi zisikaririwe kama majina ya watu asiowajua. Saba mara nane aivunje: tano mara nane ni 40, mbili mara nane ni 16, jumla 56. Baada ya kuivunja mara kadhaa hatahitaji tena kuivunja. Dakika tano kwa siku zinatosha, bila saa ya ukutani, bila hadhira, na asishindanishwe na mtu.

Tuisheni mimi ningeisimamisha, walau kwa muda. Mtoto aliyechoka hafundishiki.

Mama Neema, Morogoro

Nashukuru sana, mwalimu, na wewe ndugu mhasibu. Nimefungua daftari kama nilivyoelekezwa na nimekuta 61 − 38 ameandika 37, na chini yake nyingine tatu za namna hiyohiyo. Miezi yote hii nilikuwa namwambia awe makini, kumbe umakini anao. Jana tumeyafanya mafungu ya vijiti. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba baba yake alitaka kuingilia, nikamkonyeza. Alipofungua kamba alisema, «Kwa hiyo ile moja ndogo wanayoandika juu ni hii?» Sikuwa najua kwamba tangu darasa la pili alikuwa anaandika alama asiyojua imetoka wapi.

Mama wa duka, Mombasa

Mama Neema, mimi si mwalimu, ila watoto wangu wamekua nyuma ya kaunta, na nina neno dogo la kuongeza juu ya kutoa.

Muuzaji hatoi kama wanavyotoa shuleni. Mteja akinunua vitu vya shilingi 640 na kunipa noti ya 1,000, sipangi namba juu na chini. Naanza 640, naweka sarafu tatu za ishirini nafika 700, kisha noti tatu za mia nafika 1,000. Nilichoweka mkononi mwake ni 360, basi. Watoto hulielewa jambo hili upesi mno, na wakishalielewa huona kwamba kutoa ni kutafuta umbali kati ya namba mbili, si lazima kukopa kitu kwa jirani. Akifundishwa njia mbili za kupata jibu moja, ya pili humsaidia kuikagua ya kwanza bila kumsubiri mwalimu amwambie.

Taabu ya siku hizi ni kwamba tunalipa kwa simu, mtoto haoni kitu kikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo mpe pesa taslimu akanunue mwenyewe, na umruhusu aikague chenji akiwa palepale dukani. Lakini tafadhali, usigeuze kila safari ya sokoni kuwa mtihani. Wangu wa pili alianza kukataa kutumwa, na nikajua sababu ni mimi.

Mcheza bao, Unguja

Mwalimu wa Tanga ameomba mchezo ambao hesabu ndiyo njia ya kushinda. Mchezo huo tunao barazani, na nashangaa haujatajwa mpaka sasa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Ule mchezo wa wakubwa, wenye namua na nyumba na sheria zake zote, usimwanzishie mtoto, utamvunja moyo. Anza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekewa kete mbili. Hata kulipanga ni hesabu: muulize kwa nini kete zinatosha mashimo yote bila kubaki wala kupungua. Kama hamna ubao, chimbeni mashimo uani au chora miduara kwa chaki sakafuni, na kete ziwe komwe au kokoto.

Sasa sikilizeni utamu wake. Kila mchezaji huzungushia kete katika safu zake mbili, yaani mashimo 16. Ukiyapa namba kuanzia moja hadi kumi na sita, mwenye kete saba katika shimo la tano, akianza kupanda, yaani kudondosha kete mojamoja, kwenye shimo linalofuata, kete yake ya mwisho itaangukia shimo la 12. Hilo kila mtoto huliona. Lakini mwenye kete saba katika shimo la 13 je? Atafika 20, na shimo la 20 halipo. Ameshamaliza mzunguko na kuanza mwingine, kwa hiyo kete ya mwisho iko shimo la nne. Mtoto hatakiwi kuambiwa atoe 16. Baada ya wiki chache huanza kuligundua mwenyewe, kwa sababu anayejua kete yake ya mwisho itakapoangukia ndiye anayejua kama atakula kete za mwenzake au hatakula. Hesabu za saa ni za namna hiyohiyo, za siku za wiki pia, na wanaosoma vyuoni wanasema kuna tawi zima la hisabati lililojengwa juu ya jambo hilo.

Faida nyingine ni kwamba bao halina haraka. Mtu huruhusiwa kutazama na kufikiri, na mzee mwenye heshima zake akikaa kimya akihesabu kwa macho, hakuna anayemcheka. Mtoto aliyezoea kwamba hesabu ni mbio ataona hapo kwamba wanaozijua hesabu kweli huenda polepole. Mkicheza naye, usimwachie ushindi wa bure. Ataligundua na atajisikia amedharauliwa. Mruhusu tu arudishe kete zake mara moja kwa kila mchezo afikiri upya.

Mhasibu, Mwanza

Mzee wangu, bao nalipenda, ila kwenye Upimaji wa darasa la nne haliulizwi.

Mcheza bao, Unguja

Haliulizwi, ni kweli. Wala halifundishi sehemu, wala eneo, na sikusema kwamba linafundisha. Linalofundisha ni kukaa na tatizo bila kulikimbia, na mama huyu amesema mtoto wake anakimbilia kwenye maji ya kunywa.

Mwanafunzi wa ualimu, Goma

Ningependa kuongeza kitu kutoka upande wetu wa Kongo ambacho nimekitumia katika mazoezi ya kufundisha, na ambacho kinamfaa hasa mtoto apendaye hadithi, kama alivyo binti wa Mama Neema.

Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin aliyekuwa akichimba mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, alipata mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Brussels. Mistari hiyo imepangwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7.

Mimi huwachorea watoto mistari yenyewe, siwaandikii tarakimu, nawaambia tu kwamba hii ni barua ya mtu aliyeishi kando ya ziwa zamani sana na hatujui aliandika nini. Kisha nakaa kando. Wanahesabu mistari bila kuombwa, na wanabishana. Mmoja ataona kwamba 6 ni mara mbili ya 3, na 8 ni mara mbili ya 4. Mwingine atajumlisha safu na kukuta mbili kati yake zinatoa 60 kila moja, na ya tatu inatoa 48. Mara moja msichana mmoja aliona kwamba 21 ni ishirini ukiongeza moja, 19 ni ishirini kasoro moja, 11 ni kumi ukiongeza moja, 9 ni kumi kasoro moja, akauliza kama mwenye mfupa alikuwa anachezea makumi kama sisi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni hesabu za kuongeza maradufu, na wengine wanadhani mistari ile ilichanjwa ili mfupa ushikike vizuri mkononi. Hapo ndipo watoto wanaposisimka, maana kwa mara ya kwanza wamepewa swali la hesabu ambalo mwalimu hana jibu lake mfukoni.

Mtoto aliyezoea kwamba kila swali lina jibu moja ambalo mtu mwingine tayari analijua, na kwamba kazi yake ni kulipatia tu, apewe mara mojamoja swali la namna hii.

Mama Neema, Morogoro

Nimesoma yote, na ubao wa bao tumeuazima kwa jirani. Jambo moja limebaki, na kwa binti yangu ndilo gumu kuliko yote: mafumbo. Mtoto anayesoma kitabu kizima cha hadithi, akipewa fumbo la mistari miwili, haelewi. Huchukua namba anazoziona na kuzijumlisha. Nikimuuliza kwa nini amejumlisha, hujibu kwamba kuna neno «zaidi».

Mwalimu mstaafu, Tanga

Hilo neno amefundishwa, Mama Neema, hakulibuni. Tuna mazoea ya kuwaambia watoto kwamba wakiona «jumla» au «zaidi» wajumlishe, wakiona «zilizobaki» au «pungufu» watoe. Njia hiyo huleta alama nzuri kwa muda mfupi, kisha hugeuka. Mpe fumbo hili: Juma ana maembe 12. Ana maembe matano zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi? Anayesaka neno ataandika 17. Anayesoma kama anavyosoma hadithi atajiuliza kwanza ni nani mwenye maembe mengi, ataona ni Juma, na atajua kabla ya kuandika chochote kwamba jibu haliwezi kuzidi 12. Asha ana saba.

Kwa kuwa binti yako ni msomaji, tumia nguvu aliyonayo. Msomee fumbo lisilo na namba hata moja: Juma ana maembe, Asha ana maembe, Juma amemzidi Asha. Asimulie kilichotokea kwa maneno yake, achore, aseme nani ana kingi na nani ana kidogo. Namba ziingizwe mwishoni, hadithi ikiwa imeshaeleweka. Utashangaa ni mara ngapi atakuambia cha kufanya kabla hujamaliza kuzitaja.

Halafu yapo mafumbo ya kale ambayo hayahitaji daftari. Yule mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu, ambaye akimwacha chui na mbuzi mbuzi ataliwa, na akimwacha mbuzi na majani majani yataliwa, amewashinda watu wazima wengi kwa sababu moja. Katikati ya safari lazima amrudishe mbuzi upande alikotoka, na kila mtu huona kwamba kurudi nyuma ni kuharibu kazi. Mwache binti ahangaike na vitu halisi mezani. Safari ni saba, kwenda na kurudi, na akizipata msimpongeze kwa akili zake. Mwombeni awaoneshe, na baba yake ajaribu akiwa hajui.

Akimaliza hilo, mpe la banda: kuna mbuzi na kuku, vichwa kumi, miguu 28, ni mbuzi wangapi? Vitabu vya sekondari hulifanya kwa herufi mbili na milinganyo. Mtoto wa darasa la nne hulifanya kwa kuchora vichwa kumi, kuvipa vyote miguu miwiliwili, kuhesabu 20, kuona imebaki minane, na kuigawa miwilimiwili mpaka iishe. Waliopata miguu minne ni wanne. Usimwoneshe mchoro huo. Mpe karatasi na penseli, na kama leo hatafika, fumbo libaki mezani mpaka kesho.

Kuhusu Upimaji, anza kumpa karatasi za miaka iliyopita mwezi mmoja hivi kabla, maswali matatu kwa jioni, na achague mwenyewe ataanza na lipi.